Nafasi ya Vidole Vinne

Nyumba ya kona,
nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 9, mvua tangu asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla ya jingine lolote. Leo nakuuliza hali kwa kutaka kujua hasa, si kwa kujaza mstari. Unalala? Unakula? Mguu uliokuwa ukikuvimba ukisimama sana kazini umepoa? Na Shemeji je, anakula anachopikiwa au bado anajifanya hana njaa?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Presha ya Mama inapanda na kushuka inavyotaka, na vidonge anavimeza kwa ugomvi, lakini anatembea, anaoga mwenyewe na bado ananikosoa, kwa hiyo usihofu sana. Mimi ni mzima. Bado niko dukani nauza mabomba na koki, na bado tajiri wangu anaamini kila bomba linalopungua nimelimeza mimi.

Paa la jikoni linavuja palepale unapopajua. Mjomba alipanda kuliziba, akashuka akiwa ameongeza tundu la pili. Sasa tunatega sufuria mbili, naye bado anadai chai ya ufundi.

Oveni uliyotuachia inafanya kazi, ila mlango haukai mpaka niuegemeze kiti. Nimekuwa mwokaji siku hizi, usicheke. Nikirudi kazini mikono inanuka grisi, nanawa, napima unga, na hapo ndipo naona siku imekuwa yangu. Mwanzoni keki zangu zilibonyea katikati kama godoro la chumba cha wageni. Sasa zinaumuka mpaka naogopa kuziita zangu. Mama hukaa kwenye kiti chake cha dirishani na sindano yake ya kroshia, mimi mezani na bakuli langu, redio inaongea peke yake, na hakuna anayemhitaji mtu mwingine. Vitambaa vya makochi amevibadilisha vyote, ameufumia kofia hata mtungi wa gesi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu ya jioni, na nilikuwa nayapenda sana.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Ninakuandikia kwa sababu ya nyuzi ulizotutumia.

Unajua Mama anavyozisubiri. Tangu uondoke na Bonge akiwa bado mtoto wa mgongoni, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa ikikaribia unamzungushia uzi kifuani, unakata, unampima mgongo, unakata, unampima mkono, unakata, unatia kwenye bahasha unatuma. Mimi ninayeuza mabomba kwa sentimita nimesema mara ngapi utaje namba kwenye simu yaishe? Mama hunijibu kwamba namba haimjui mtoto, uzi unamjua kwa sababu umemgusa. Kisha anafuma sweta la mjukuu wake, na kila mahali, kifuani, mgongoni na mkononi, anaongeza vidole vinne ili apate nafasi ya kukua mpaka mwaka mwingine. "Mume wangu asije akabanwa," husema, na mimi humwambia huyo mume ana bahati, maana sisi watoto aliotuzaa tulivaa masweta ya kubana.

Nyuzi za miaka yote amezihifadhi kwenye kopo la biskuti, za kila mwaka zimefungwa fundo lake. Za mwaka jana zina doa la jemu, na ule wa mkono una alama za meno. Ulitusimulia mwenyewe kwenye simu jinsi ulivyomkimbiza chumba kizima mpaka akaingia uvunguni na uzi mdomoni. Tulicheka, Mama akasema huyo ni wa kwake kabisa, hapimwi kwa nguvu.

Za mwaka huu zilikuja safi. Zimekatwa vizuri, hazina doa, hazina hata mkunjo. Nikasema, loo, Bonge amekuwa mtu mzima, sasa anatulia anapimwa. Mama hakucheka.

Alizinyoosha mezani, kila mmoja kando ya mwenzake wa mwaka jana. Pale uzi wa zamani wa kifua ulipoishia akalaza vidole vyake. Uzi mpya ulizidi kwa vidole vinne. Akahamia kwenye wa mgongo, vinne. Kwenye wa mkono akakawia. Alipima kwa mkono wa kulia, akarudia kwa wa kushoto, kana kwamba vidole vya upande wa pili vingemhurumia. Vilikuwa vinne vilevile.

Mimi nilikuwa bado gizani. Nikamwambia, "Si unaona? Kijana amekua."

"Mtoto hakui hivi," akasema. "Mtoto anarefuka mikono, kifua kinabaki nyuma. Au anatoka kitambi, mgongo umelala. Hakui kila mahali kwa vidole vyangu mimi." Akaugusa tena ule wa mkono. "Hapa hakupimwa mtoto. Limepimwa sweta langu."

Nilishika kiti chake nikamngoja aanguke, kama alivyoanguka siku ya msiba wa Baba. Hakuanguka. Alizifunga zile nyuzi fundo, akazitia kwenye kopo pamoja na nyingine, akabana kifuniko, akaniuliza kama nimezima oveni. Nilikuwa sijaiwasha.

Siku ya kuzaliwa ya Bonge ilipofika nilitoa mayai, siagi na sukari. Unajua huwa tunamlia keki yake kwa niaba. Mama humkatia kipande akakiweka kwenye kisosi, na asubuhi anakinywea chai akisema mume wake kamwachia. Safari hii aliniona na mayai yangu, akatazama pembeni. "Leo oka mkate tu," akasema. Nikaoka mkate. Niliukanda kupita kiasi, ukatoka mgumu, tukautafuna hivyohivyo.

Tangu hapo hajagusa sindano. Imechomekwa kwenye uzi wa buluu aliokuwa ameshamnunulia Bonge, na vumbi limeanza kuushika. Mama anakaa mikono mapajani, naye hajawahi kukaa hivyo hata akiwa mgonjwa. Jirani yetu tunayemwita Redio, kwa kuwa hana habari asiyoitangaza, alikuja kuchungulia mbona siku hizi hamwoni dirishani na kazi yake. Nikamwambia macho yanamsumbua Mama. Mimi nimebaki kuoka. Naoka mikate isiyo na wa kuila, nawapelekea watu wa dukani, na tajiri wangu ameanza kunishuku upya kwamba nataka kitu.

Sasa ndipo zile simu zinanirudia. Tukiomba kumsikia Bonge, amelala. Tukipiga mchana, yuko shule. Jumapili, ametoka na baba yake, na mimi huku nasikia Shemeji anakohoa nyuma yako. Kuna siku nilimwambia Shemeji anipe huyo kijana nimtanie kidogo. Alikohoa. Halafu akasema, "Yupo, yupo," akakurudishia simu. Nilidhani mnaringa naye.

Dada yangu, sikulaumu. Mama alikuomba umwachie mtoto mpaka mtulie huko, ukakataa, mkaagana vibaya. Na baada ya hapo ikaja hii presha. Ungeyasema wapi, na kwa mdomo gani? Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Waache waseme, hawajawahi kuwa na mama anayeangukia sakafuni. Nisichoweza kukipita ni kitu kimoja. Nakuona umelitandaza lile sweta kitandani, umelinyoosha mkono, unapima, unakata uzi, na hakuna wa kukukimbia. Nikifika hapo nashindwa kuendelea. Juzi nililia dukani mbele ya mteja aliyekuja kununua koki ya sinki. Maskini akadhani nalilia bei, akaacha kuomba apunguziwe.

Kama tumekosea, kama Mama amezeeka na vidole vyake vinamdanganya, nipigie leo. Mpe Bonge simu anitukane matusi yote aliyojifunza shuleni, na uniite mchuro ninayemtabiria mtoto wa watu mabaya. Nitatukanwa nikicheka. Nitaoka keki ya ghorofa tatu, nitaibeba mpaka kwa Redio aitangaze.

Kama hatujakosea, usipige. Njoo. Mama alinikataza kulisema jambo hili kwenye simu. Alisema utakata, halafu utabaki umekaa na simu mkononi na sisi hatupo. Ndiyo maana naandika, ingawa unajua mimi na kalamu hatuelewani. Hataki maelezo. Hatakuuliza ilikuwaje, wala ilikuwa lini, wala mbona ulinyamaza. Nilimuuliza mimi, kwa woga, atakupokeaje. Akanijibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye kafiwa na mwanawe. Mimi mwanangu yuko hai, anaumia peke yake, halafu nikae nimnunie?"

Hayo ndiyo maneno aliyosema mengi kuliko yote tangu nyuzi zifike. Mimi nayaongezea yangu: nimekukumbuka, nimechoka kuwa mtoto pekee wa nyumba hii, na sijui kumliza Mama. Hajalia hata tone. Nadhani anakungoja wewe.

Chumba chako kipo. Nimeyatoa masanduku, nimefua pazia. Godoro ndilo lile lililobonyea, mtalala wewe na Shemeji mkikutana katikati mpende msipende. Mwambie Shemeji namsalimu sana, na aache kukohoa mbali na simu, aje akohoe hapa.

Mjomba anakusalimu, yuko gereji kama kawaida na hajui lolote. Shangazi anakusalimu, anauliza kama baridi ya huko imepungua. Binamu yetu Kinyozi anasema ukija atakunyoa bure, sijui kwa nini anadhani hiyo ni zawadi. Hakuna niliyemwambia. Ni lako, utalisema wewe au hutalisema.

Mungu akushike pale ambapo mikono yetu haikufika, akupe usingizi japo wa saa moja, na akulete mlangoni ukiwa mzima.

Wako akupendaye, uliyemfundisha kupasua yai,
Mdogo wako

Nyongeza. Nilikuwa nimeshaandika anwani, Mama akaniita jikoni. Nimemkuta amesimama katikati ya zile sufuria mbili, ameshika donge la uzi, mara ya kwanza tangu siku ile. Akafungua mikono yake yote miwili kama anayetaka kumkumbatia mtu, akaniambia nimpime kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Nikampima. Nilipoleta mkasi akanizuia. "Usikate hapo," akasema. "Ongeza vidole vinne." Uzi huo ndio uliomo humu ndani ya bahasha.