Si Upepo, Wening

Mjukuu wangu Wening,

Mlio uliousikia alfajiri ni kikombe changu kilichoanguka. Nilikohoa damu. Nimekwenda kliniki. Tempe ya soya imo sufuriani, mpashie moto babu yako.

Miezi mitatu umenikwaruza mgongo kwa sarafu na mafuta ili kuutoa upepo ulioniingia mwilini, ukinitania, "Bibi, upepo gani huu usiotoka?" Moyoni nilishuku kifua kikuu. ~~Niliogopa sindano.~~ Niliogopa majirani wasile tena chakula changu, na wazazi wa mchumba wako waghairi posa. Nisamehe, nimewakoholea wewe na babu. Nanyi mkapimwe leo.

Mama Tumini, anayezungukia wagonjwa mtaani, alibisha hodi mara mbili, nikajifanya nimelala. Akaacha ndizi mlangoni. Mwambie aje tena, nitamfungulia mwenyewe.

Bibi yako