Sauti Uliyoiacha Bila Kuinyoa, Fundi Cornel

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovua miwani, ukaiweka juu ya meza yako ya kazi hapa Kilosa, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukuamka tena. Miwani bado iko palepale, na mama hataki mtu aisogeze.

Wapo watakaosoma maneno haya wasijue ulikuwa fundi wa nini. Ulikuwa fundi wa santuri za kale kabisa, zile zisizopiga sahani bali silinda ya nta, mfano wa glasi isiyo na kitako, sauti imechorwa kuizunguka. Babu aliyefanya kazi reli alikuachia tupa na koleo tu. Hili la santuri ulijitafutia mwenyewe. Watu walikuletea spiringi zilizokatika, gia zilizokwisha meno, tarumbeta za kukuzia sauti zilizogeuzwa viota vya kuku. Wengine waliona chuma chakavu. Wewe ulivuta kiti, ukaanza kupangusa vumbi. Tunajivunia hilo, na leo tunalisema kwa sauti.

Hukupenda njia ya mkato. Utando wa kutolea sauti ulipopasuka, ulikwenda mwenyewe milima ya Uluguru kutafuta ulanga, lile jiwe linalobanduka kama kurasa, ukauchonga hadi ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Mkanda wa kuzungushia mtambo ulipokosekana, ulikata ule wa mkoba wa mama wa kwendea kanisani. Ukamwambia, "Mama Happiness, mkoba utaushika mkononi. Hii santuri haina mkono." Alinuna kweli kweli. Lakini wageni walipokuja, alikuwa wa kwanza kuwaonyesha: "Mnaona inavyozunguka? Mkoba wangu huo."

Ulikuwa mkali pia, tusifichane. Mwenye andazi mkononi hakuvuka mlango wa karakana. Chai yako uliisahau hadi ikapoa, kisha ukaikataa ikipashwa moto, ukidai umeshaizoea hivyo.

Tunakumbuka siku Bibi Marselina alipoteremka kutoka Vidunda na santuri yake imefungwa kwenye kanga. Alikuja na nta moja tu. Padri mmoja wa misheni alimrekodi bibi yake humo akiimba, enzi bibi huyo akiwa bado msichana.

"Shikamoo, Bibi," ulimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu humu ndiye aliyenilea. Masikio yangu yanakwenda. Nataka nimsikie kabla hayajaziba."

Ukamwahidi atamsikia.

Hukuthubutu kuipiga nta ile kwa majaribio. Ulitueleza kwamba kila sindano inapopita, inakwangua kidogo, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kwa hiyo ulijaribia nta yako mwenyewe. Uliongea kwenye tarumbeta, ukasikiliza, ukaona kasoro, ukainyoa nta ikawa laini, ukaanza upya. Mama alikuomba, "Siku moja iache hiyo, usiinyoe." Ulicheka. "Sauti yangu unayo humu ndani bure, Domina. Nta ndiyo ya shida."

Ulipoondoka, mtambo wa Bibi Marselina ulikuwa umefunguliwa. Gavana, kile kifaa kinachouzuia usikimbie ovyo, ulikuwa umekitoa chote ukisafishe. Baba mdogo Boniface wa Mikumi alishauri mzigo urudishwe ulivyo, kwani mwenye kazi hayupo. Happiness, uliyemfundisha tangu alipomaliza shule, alikataa katakata. "Baba ameahidi," alisema, akavaa koti lako la kazi.

Aliufunga mtambo kama ulivyomwelekeza. Kikabaki kitu kimoja: spidi. Skrubu yake ilikuwa imelegezwa yote, na nta ya Bibi si ya kubahatisha. Ndipo mwanao Amon alipoona rafuni nta yako ya mwisho, uliyoirekodi kwa mtambo huohuo kabla hujafungua gavana. Ulikuwa hujainyoa; sauti yako ikitoka sawa, spidi nayo ingekuwa sawa.

Tuliipiga. Kwanza ulitoka mwembamba kama kifaranga. Amon alicheka, kisha akageukia ukutani. Happiness alikaza skrubu, ukawa mzito kama mtu mwenye usingizi. Tukarudia, tukarudia tena, na kila tuliporudia tulisikia mikwaruzo imeongezeka. Happiness aliinua sindano.

"Mama, tunammaliza. Niache?"

Mama aliubana mkoba wake usio na mkanda mapajani. Ilimuuma, tuliona. "Endelea," akasema. "Ahadi ni yake. Aitimize mwenyewe."

Kaza kidogo, legeza kidogo. "Bado," mama alisema. "Bado. Hapo! Usiguse. Ndiye."

Ulikuwa ndiye kweli, Baba: "Moja, mbili, tatu. Domina, hiyo chai ilete hivyohivyo."

Tulipanda Vidunda kwa gari la Baba mdogo, naye akitutaka radhi njia nzima. Bibi Marselina aliweka sikio kwenye tarumbeta. Happiness alishusha sindano, na msichana akaanza kuimba kwa mwendo wake, sauti safi, kila neno mahali pake. Bibi yule, mwenye mvi hadi nyusi, alishika kiti, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Ile ni kazi yako, Baba. Vidunda wote wanajua ni kazi yako.

Tunakukumbuka kwa fahari na kwa upendo: mkeo Domina, wanao Happiness na Amon, na mdogo wako Boniface pamoja na familia yake ya Mikumi. Karakana iko wazi, na andazi bado haliingii. Nta yako imechakaa. Mengi hayasikiki tena, ila jina la mama na ile chai. Tumeiweka kabatini. Siku zote utakuwa nasi, na nta hiyo hatutainyoa.