Baiskeli Uliyomtumia Nathanael

Ijumbi, Muleba,
Kagera.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Mwijage,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Habari za Denmark, na afya yako inaendeleaje? Kile kikohozi ulichonieleza wakati wa Pasaka kimeacha kukusumbua? Sisi hatujambo. Mama goti linamuuma asubuhi, lakini likishapata jua analisahau na kuanza kutugombeza. Kahawa tumeivuna, iko uani inakauka.

Sasa tuje kwenye baiskeli. Wewe ndiye uliyemtumia Nathanael, na mpaka leo sijui ulikuwa unafikiri nini. Mdogo wetu wa mwisho, mwalimu, mtu anayetaka kuoa, unamletea baiskeli isiyo na keria wala kengele, isiyoweza kubeba hata mkungu mmoja wa ndizi. Mama aliizunguka, akauliza sehemu zilizobaki zinakuja lini.

Ingeishia hapo ningenyamaza. Lakini huko Bilele, pale Bukoba mjini alikopanga, Nathanael aliona haijatosha. Aliyatoa magurudumu mazima, akaagiza mengine ya kaboni, mapana ubavuni kama sinia, eti yanapasua upepo. Akang'oa kiti, akaweka kingine chembamba ambacho hata kuku singemkalisha. Akajipiga video chumbani akiwa juu ya baiskeli, akajipima magoti kwa futi ya fundi cherehani, kisha akaushusha usukani hadi chini kabisa. Kipande cha bomba la usukani kilichobaki juu akakikata kwa msumeno, usukani usije ukapandishwa tena. Sasa akiendesha anaona tairi la mbele na lami, basi. Mtu mzima anagombana na upepo, Mwijage. Sijui upepo wa Kagera umemkosea nini.

Jumamosi ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kumposa Joyness, binti wa Mzee Mujuni wa hapa hapa Ijumbi. Baba mdogo Kamala na wazee wetu walitoka Bukoba kwa gari. Nathanael alikataa kupanda, akatangulia alfajiri kwa baiskeli. Alisema atafika kabla yao, na kweli alifika.

Mzee Mujuni alikuwa amesimama njiani na kanzu yake, akingoja wageni. Unajua kwetu mtu akimwona mkwe wake ni lazima ashuke kwenye baiskeli, hata kama amebeba mzigo na yuko katikati ya mlima. Nathanael alimpita. Kichwa chini, mgongo juu, wala hakumwona. Watu walipopiga kelele akageuza, akataka kushuka, miguu ikagoma kwa sababu viatu vyake vinang'ang'ania pedali. Akaanguka ubavu miguuni pa mzee, gurudumu la mbele likapasuka. Alipojinasua, kabla hajatoa salamu, aliinama kulikagua gurudumu.

Mke wa Mzee Mujuni alitoka mbio kuangalia nani ameumia, akamkuta mkwe wake ndani ya kaptula ile inayobana kila kitu. Alijifunika uso kwa khanga, akarudi jikoni na hakutoka tena. Nathanael naye akaingia sebuleni na viatu vyenye vyuma chini, akizivuruga nyasi mbichi walizotutandikia. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua macho.

Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni aliyekaribishwa, kikazungushwa. Kilipofika kwa Nathanael, kikampita. Baba mdogo Kamala aliomba radhi hadi jasho likamtoka. Mzee Mujuni alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu polepole, “Waitu, ndugu yangu, huyu kijana arudi siku atakayokuwa anatafuta mke. Leo alikuwa na shughuli nyingine.”

Hakumfukuza, unaona. Nathanael alitakiwa kuja kwa miguu, amsalimu mzee, aombe radhi, yaishe. Nilimweleza hivyo kwa simu, akanijibu kwamba anasubiri vipuri. Joyness alimngoja wiki yote. Nathanael alimpigia mara moja tu, kumuuliza kama baiskeli aliyoiacha uani kwao iko kivulini, maana jua linaharibu kaboni.

Jana Joyness alikuja kwangu akiikokota. Aliiegemeza ukutani, nikamkaribisha ndani akakataa. Akasema, “Dada Evodia, mpe mwenyewe. Mwambie ilikaa kivulini.” Halafu akashika njia ya kwao. Nilikuwa nimeshamzoea msichana yule kama mdogo wangu wa kuzaliwa, na imeniuma sana.

Najua Nathanael ameshakuomba gurudumu jingine. Usimtumie.

Mama anakusalimu sana. Baba mdogo Kamala anakusalimu, na shangazi Klaudia anakutaja katika sala zake kila jioni. Joyness, ambaye kila nikikuandikia hunikumbusha nisimsahau, safari hii hakunipa salamu.

Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya, na akufundishe kuchagua zawadi.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Evodia