Daktari wa Chupa Kapiga Magoti Shambani

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, mvua imekatika.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye siku hizi ni mtu mzito, usinizoee. Hujambo? Mgongo umepona, au bado unatembea kama kiti kibovu? Sisi wazima. Baba kikohozi kimempungua, na Mama anacheka tena. Hilo la Mama ndilo lililonikalisha hapa.

Unamkumbuka Daktari wa Chupa, yule mwenye duka la pembejeo? Majani ya nyanya za Mama yalipoanza kujikunja na kuwa manjano, alimuuzia dawa, nyanya zikazidi kudhoofika. Mama aliporudi kuuliza, akajibiwa mbele ya wateja, "Mama, dawa yangu haina kosa. Nyanya hazitaki mikono mivivu." Watu wakacheka. Mama yetu, kaka, anayewaamsha hata majogoo! Akarudi akasema shamba analiacha. Nikaapa yule mtu atanitambua.

Bahati ikaja na mnara mpya wa mtandao. Zamani ukituma picha ya jani, inafika jani lenyewe limeshakauka. Sasa video haigandi. Nikampigia dada mmoja mtaalamu wa mimea, wa kituo cha utafiti, nikamtembeza shambani kama mkaguzi. "Geuza jani. Sogeza zaidi. Hao nzi weupe unawaona?" Kumbe ni virusi, na nzi ndio wanaovisambaza. Dawa aliyouziwa Mama ilikuwa ya ukungu! Miche iliyougua haiponi, ing'olewe ili mingine isalimike. Tena anasema kwa kasi hii ya mtandao tutaweza kuweka vipimo udongoni vitujulishe shamba likiwa na kiu. Nikamwambia hayo baadaye, dada, kwanza nina mtu wangu.

Siku ya soko nikaingia dukani na mtaalamu yuko hewani. Watu wamejaa hadi mlangoni.

"Anataka nini tena huyu?" akauliza Daktari wa Chupa.

"Nimekuletea daktari mwenzio," nikamjibu, nikamgeuzia kioo cha simu.

Dada wa watu akamsalimia kwa adabu, kisha akamwomba asome kwa sauti kibandiko cha ile dawa. Akasoma: ya ukungu. "Na ugonjwa wa nyanya za huyu mama unaletwa na nini?" Akaanza kutafuta miwani, nayo iko usoni! Walicheka wote, na mimi nikacheka kwa niaba ya ukoo mzima.

Jana kaja kuomba msamaha, shati limepigwa pasi. Mama hakumpa hata kiti. Akamwonyesha matuta: "Ng'oa zilizougua." Mzee mzima akapiga magoti kwenye tope, mche mmoja mmoja, Mama kasimama nyuma yake, mikono kiunoni: "Rudi, baba. Umeruka ule."

Nikatoa simu niwarushie watu wote moja kwa moja. Mama akanipokonya, akaifungia kabatini. "Mimi nimeshamaliza naye," akasema.

Mimi sijamaliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wasomee wenzako barua hii kwa sauti, na ukifika pale pa magoti, rudia.

Msalimie shemeji na yule mpwa wangu mwenye mashavu. Baba na Mama wanakuombea heri, na Mungu akupe mgongo mpya.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Mdogo wako, mkuu wa mitambo shambani.