Kisanduku cha Ndugu wa Karibu

Jumatatu, 3 Machi
Kesi nne leo kitengoni kwetu polisi, zote za watu wanaotishwa kwa picha zao za utupu. Ya tatu ni ya fundi cherehani, binti mpole. Jamaa aliyejuana naye mtandaoni anadai picha zaidi — la sivyo atamtumia kaka yake zile alizonazo. Kaka ndiye aliyemlea. "Dada, kaka akijua nimekwisha." Nikamwambia hapa siri haitoki. Nilimaanisha!

Kisanduku cha ndugu wa karibu amekiacha wazi. Fomu yenye pengo inaniwasha. Namba ya kaka nikaitoa kwenye jalada la zamani la binti, la simu iliyopotea, nikaijaza. Mwenzangu wa meza ya pili akanicheka: hata mbinguni nitamdai malaika fomu.

Jumatano, 5 Machi
Mtambo wa kompyuta hutuma ujumbe wenyewe kwa kila namba iliyo kwenye fomu. Nilijua. Miaka sita najua! "Malalamiko ya ndugu yako kuhusu picha za utupu yamepokelewa." Kaka ameusoma. Cherehani na nguo za binti zimetupwa barazani.

Yule mshenzi hakutuma kitu. Tumetuma sisi. Mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Jamaa amekamatwa. Makofi, soda. Yangu sikuifungua. Kwenye simu yake kuna picha za mabinti wengine kumi na mmoja, ila aliyelalamika ni huyu mmoja tu. Asiposaini maelezo kesho kabla ya saa kumi jioni, jamaa anaachiwa.

Nikamweleza mkuu wa kitengo kuhusu namba niliyoijaza. Akafunga mlango. "Usijitie kitanzi, bibie. Sema ni mtambo."

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja. Macho yamevimba, analala kwa shoga yake. Anataka kufuta malalamiko. Kile kisanduku alikiacha wazi, anakumbuka vizuri — nani alikijaza?

Mkuu: mtambo, hitilafu tu.

Binti hakumtazama. Akanigeukia mimi. "Dada huyu akisema ni mtambo, nasaini. Nyie wengine siwaamini."

Mkuu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema tumbo linanikata.

Naandika haya msalani, nimekalia ndoo iliyofunikwa. Saa tisa na dakika arobaini. Mlango unagongwa — taratibu. Si mkuu.

"Dada? Nimekuletea maji."