Kwa Paskalina, Kuhusu Ile Mashine ya Maretadu

Mwalimu wangu Paskalina,

Miaka minne tuliyofanya kazi pamoja hukuwahi kunigombeza kabla ya kunisalimia. Uliingia dukani, ukasema "Shikamoo, Baba Neema," ukasubiri niitikie marahaba, ndipo ukaniuliza ni nani aliyefungua mashine ya watu bila kutoa betri kwanza. Jibu ulilijua. Tulikuwa wawili tu humo ndani.

Nakuandikia nikiwa nyumbani, miwani puani, chai imeshapoa. Ni miezi saba tangu tukuzike kule kijijini Daudi, na miezi yote hiyo sijasogelea kaburi lako. Nikifika kwa mama yako napita upande wa zizi ili nisilione. Watu wanadhani ni uchungu. Uchungu upo, tena mwingi, lakini kinachonizuia ni aibu. Nilikudanganya ukiwa kitandani hospitalini, na umekufa ukiuamini uongo wangu.

Nitakueleza taratibu, maana nikirukia katikati nitaogopa na kuacha.

Duka lipo palepale nyuma ya soko. Bango lako sijaligusa. Watu bado wanachungulia mlangoni wakiuliza, "Yule dada yupo?" Nikiwaambia, wengine wanakaa kidogo tunazungumza habari zako, wengine wanakumbatia laptop zao na kuondoka nazo. Siwalaumu. Mbulu nzima inajua mimi nilikuwa fundi redio, nikajifunza kompyuta nikiwa na wajukuu. Vijana wa bodaboda pale kona walikuwa hawaniachi: "Mzee, leo binti amekupa mtihani gani?" Nilicheka nao kila siku. Moyoni iliniuma, Mwalimu. Hilo sikuwahi kukuambia, na ni vizuri ulijue sasa, kwa sababu uongo wangu ulianzia hapo.

Unakumbuka siku ya tochi? Karani mmoja alileta mashine ambayo kioo chake kilikuwa cheusi tii, nami nikamtangazia papo hapo kwamba imekufa. Ulichukua tochi ya simu, ukaimulika kwenye kioo kwa upande, ukaniita niiname. Nikaona maandishi. Hafifu, lakini yote yapo, mpaka saa ya pale pembeni. "Picha ipo, Baba Neema. Iliyozima ni taa ya nyuma ya kioo." Niliinama pale hadi shingo ikauma. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na nilifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa kiota cha ndege.

Kuanzia siku ile ukanipa njia yako. Kioo kikiwa cheusi, tochi kwanza. Tochi isipoonyesha kitu, chomeka monita ya nje. Picha ikitokea kwenye monita, ubaya uko kwenye kioo au kwenye kebo yake, na hapo mwenye mali anaweza kutabasamu. Lakini monita nayo ikikaa nyeusi, au ikatoa mistari, huku feni inazunguka na taa zinawaka, basi jiandae kumwambia mtu habari mbaya, maana huenda ni chipu ya grafiki, ile inayochora picha.

Na habari mbaya uliitoa. Hilo ndilo lililokutofautisha na wengine. Wapo mafundi wanaochukua bloa, wanaipuliza ile chipu kwa hewa ya moto mpaka inaamka, wanampa mtu mashine yake akiwa anacheka, na baada ya wiki chache inalala tena isiamke. Nilikuuliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo. Ulinijibu bila kuinua kichwa: "Hiyo unaipa homa tu. Haiponi."

Basi mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, akaja Veronika, yule muuguzi wa kule kijijini Maretadu anayesoma chuo kwa masafa. Mashine yake ilikuwa kubwa, nzito, yenye kadi ya grafiki ya peke yake, aina wanayoitaka wanaocheza magemu na wanaokata video. Alikuwa ameinunua kwingine kwa sababu muuzaji alimwambia ndiyo yenye nguvu kuliko zote pale. Angepitia kwako kwanza, ungemuuliza yale maswali yako mawili ya kila mteja: unaenda kufanya nayo nini, na unakaa wapi ukiitumia. Padri mmoja aliwahi kuja akitaka mashine ya namna hiyo, ukamuuliza, akasema anaandika mahubiri. Ukampa nyembamba ya kawaida, isiyopata joto, betri yake inakaa, na mpaka leo anakuombea.

Tulipoifungua ile ya Veronika tulitoa manyoya kwenye feni, mekundu na ya bluu, tele. Ulicheka hadi ukashika meza. Ulimuuliza anakaa wapi akiitumia, naye akasema kwa haya kwamba jioni anajifunika blanketi, anaiweka mapajani juu ya blanketi, anaandika. "Inanipasha joto, dada." Ni sisi watu wa huku tu tunaoweza kuua kompyuta kwa namna hiyo. Kwingine watu wanahangaika kuipoza mashine, sisi tunaiota kama moto wa jikoni.

Ulipima mara mbili. Tochi, hakuna kitu. Monita ya nje, mistari. Ukatoa RAM, kile kijikadi cha kumbukumbu, ukaisafisha, ukairudisha, ukapima tena. Veronika alikuwa ameshaondoka kuwahi gari. Ukaniambia, "Ni chipu. Akija mwambie atafute nyingine, diski yake ni nzima, kazi zake tutazihamisha." Kesho yake hukuja dukani. Keshokutwa yake nikasikia umelazwa, ni figo.

Veronika alirudi wiki iliyofuata, nikiwa peke yangu. Nilimwambia yale uliyosema, akalia. Alilia kimya, amekaa kwenye kile kiti chako kirefu, anasema utafiti wake wote umo humo na nyingine ataitoa wapi. Nilimwambia aende akanywe chai, arudi mchana. Kisha nikatoa bloa chini ya meza.

Nisiseme nilifanya kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo, ndiyo. Lakini pia nilitaka, mara moja tu, mzee huyu aamshe kitu ambacho binti alishakizika.

Ikaamka. Kioo kikawaka, picha safi, haina mstari hata mmoja. Veronika aliporudi akaruka, akaniuliza ilikuwa nini. Ningeweza kumwambia ukweli: nimeipa homa, toa kazi zako zote leo, haitakaa. Nikasema, "Ilikuwa kebo tu, ilikuwa imelegea." Na kwa kuwa ilikuwa kebo tu, kwa nini nimkataze blanketi? Sikumkataza. Alikuwa pia amepanga kuazima mashine ya mwenzake kazini mpaka amalize utafiti. Akaona hakuna haja tena. Jumamosi iliyofuata akaniletea jogoo.

Nikaja kukuona. Ulikuwa umevimba miguu, sauti imepungua, lakini hata hapo ulijiinua kidogo ukasema shikamoo. Uliniuliza habari za dukani, mashine kwa mashine. Ulipofika kwenye ile ya Maretadu ningeweza kusema bado. Nilisema, "Ilikuwa kebo, Mwalimu. Inafanya kazi."

Ukasema, "Nilipima mara mbili." Halafu ukatabasamu, ukamgeukia mama yako aliyekuwa anakumenyea chungwa, ukamwambia, "Baba Neema amenishinda." Ulifurahi kweli, na ndiyo maana sikuweza kurudisha neno langu. Lakini baada ya hapo niliona unaitazama mikono yako. Uliigeuza, ukatazama viganja, ukaifunika kwa shuka. Siku tisa baadaye ukafariki.

Mama yako aliisimulia habari hiyo matangani. Kila kundi la wageni likiingia, baada ya sala, anawaambia kwamba mwanawe ameacha mwanafunzi aliyemshinda, na alikufa akilijua hilo, akafurahi. Watu wananitazama. Wale vijana wa bodaboda walikuwepo, wakanipisha nikae kwenye benchi. Arobaini ilipopita mama alinikabidhi funguo za duka mbele ya wajomba zako wote, akasema kwa kuwa binti yake mwenyewe alinikubali, hana sababu ya kuuza vifaa kwa mtu mwingine. Nilizipokea kwa mikono miwili, Paskalina. Nilizipokea nikijua ninachopewa kimetokana na nini.

Mwezi wa kumi Veronika alisimama mlangoni na ile mashine imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa imezima siku moja kabla ya kupeleka utafiti wake chuoni. Alikuwa amepanda gari la alfajiri, macho mekundu. Na bado, kwa malezi aliyolelewa, alianza na "Shikamoo, baba."

Nilishindwa kuitikia. Neno moja tu, marahaba, nimelisema tangu nilipopata mtoto wa kwanza, na halikutoka. Nilimwambia akae, nikamwambia yote. Kwamba wewe ulisema ni chipu. Kwamba mimi niliipuliza. Kwamba sikugusa kebo yoyote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza tu, "Sasa kwa nini hukuniambia nitoe kazi zangu?" Nilitoa diski, nikaiweka kwenye kasha la nje la diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yako ya mezani, na kazi zake zilikuwa zote, hakuna hata ukurasa uliopotea. Lakini tulipomaliza, muda wa kupeleka ulikuwa umepita. Chuo kimemwambia asubiri mwaka mwingine. Mwaka mzima wa mtu, kwa sababu mimi nilitaka kukushinda.

Nimemtafutia mashine nyingine, nikimuuliza maswali yako. Nilikagua kioo kwa ukurasa mweupe, nikakifungua na kukifunga polepole nikitazama kama kinapepesa, nikaweka shavu penye feni kupima joto baada ya saa nzima. Haina kadi ya grafiki ya peke yake, haipashi mtu joto. Ni ya kawaida kabisa, na gharama yake ni juu yangu. Aliipokea. Anapita dukani siku za soko, ananisalimia, anaendelea na safari yake bila kukaa. Bado hajanisamehe, na simsukumi.

Jumapili iliyopita ndipo nilipopata nguvu ya kwenda Daudi kusema ukweli. Nilimkuta mama anachambua maharage uani. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, nikaweka funguo juu ya ungo. Mwalimu, yule mama hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Aliendelea kuchambua, jiwe huku, haragwe huku. Mwisho akaniuliza, "Huyo wa Maretadu anajua?" Nikasema anajua. "Na Paskalina?"

Nikaokota jiwe moja kwenye maharage yake.

Akafunga funguo kwenye pindo la kanga yake. "Mimi umeniambia, lakini si mimi uliyenidanganya. Kamwambie mwenyewe. Ukishamwambia tutazungumza mambo ya duka." Kisha akainuka kwenda jikoni, akaniletea uji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Niliunywa nikiwa siwezi kumtazama.

Ndiyo maana naandika. Kusema mbele ya kaburi bila karatasi sitaweza, nitalia na kuanza kujitetea. Kesho nitapanda gari la asubuhi, nitapita mbele, sipiti tena upande wa zizi, nitasimama pale na kukusomea hii yote kwa sauti. Mama akitaka kusikia asikie. Kama baada ya hapo atavipeleka vifaa kwa mtu mwingine, nitamsaidia kuvifunga, na nitamwonyesha huyo mtu bisibisi ipi ni ya skrubu zipi. Nimekukosea wewe kwanza, duka linakuja baadaye. Nami nakuahidi hili, nikibaki na duka au nisibaki: mashine iliyokufa nitamwambia mwenye mali kwamba imekufa, hata akilia, hata nikionekana mzee asiyejua kazi.

Nimekukumbuka sana, binti yangu. Sikuwahi kukuita hivyo ukiwa hai, nilihisi ningekupunguzia ualimu. Nakumbuka ulivyokuwa ukiimba nyimbo za kwaya kwa pua ukishika skrubu mdomoni. Nakumbuka ulivyonikatia nusu ya chapati yako bila kuniuliza. Natamani ungenigombeza kwa hili, asubuhi nzima, nami nikae kimya.

Lala salama, Mwalimu. Sikukushinda. Sikuwahi kukushinda hata siku moja. Ilikuwa chipu. Ulipima mara mbili, na mara zote mbili ulipatia.

Mwanafunzi wako,
Baba Neema