Kinywa cha Kuonyeshea Wageni

Ijumaa, 7 Machi 2014

Leo nimeitwa sebuleni kufungua mdomo. Wageni wa madam wamemaliza biriani, mimi nakusanya sahani — "Hebu njoo, Loisi. Wafungulie kinywa wakuone." Wanawake watano! Nikafungua. Wifi yake, Amne, akasogea na simu, akaniambia niinue mdomo wa juu kwa kidole. Nikainua. Ng'ombe mnadani ana heshima zaidi.

Shule ya Asila inataka kutia floridi kwenye maji ya kunywa ya watoto, eti meno yasioze. Madam Ghania hataki kusikia. Na ushahidi wake ni mimi. Meno ya kahawia, ya kijiji cha Maji ya Chai, kwetu Meru, ambako hakuna aliyetia kitu: floridi imo kwenye maji tangu Mungu alipoyaumba. Madam anasema ni sumu, mwanawe wa miaka sita hatafanywa hivi. Hivi! Akaninyooshea kijiko. Asila mwenyewe alikuwa chini ya meza anatafuna chokoleti, magego mawili meusi kama mkaa. Huyo hakuna aliyempiga picha.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkumbusha madam daktari wa meno wa kesho. Ni ahadi yake ya Krismasi: nikikubali kumlea Asila mwaka wa tano bila likizo, nitafunikwa meno ya mbele kwa gamba jeupe. Sijaenda likizo. Mama yangu, ng'ambo ya bahari, namwona kwenye simu.

Akacheka. Amesogeza hadi Jumanne ya tarehe 18, baada ya kikao cha wazazi. Una akili weye? Nikakung'arishe, kisha niwaonyeshe nini?

Bwana Thuwein, mumewe, hakuinua macho kwenye gazeti. Akasema haraka ya nini, meno nimeishi nayo miaka thelathini. Shetani mstaarabu yule. Nimelia bafuni, bomba wazi.

Jumatano, 12 Machi

Kikao shuleni. Ukumbi umejaa, baridi ya AC hadi mifupani. Madam kanipandisha jukwaani, kinywa wazi, dakika kumi. Mama mmoja alimziba mtoto wake macho. Wallahi, kama mimi maiti!

Daktari wa meno wa shule, Mhindi wa makamo, akaomba aniangalie na tochi. Akawaambia wazazi: rangi hii ni ya floridi iliyozidi, sisi tunataka kutia kidogo sana, na tazameni, mdomo mzima hauna tundu hata moja. Hawakutaka tundu. Walitaka rangi. Madam akamnyang'anya kipaza sauti, wakaanza kupigiana kelele.

Daktari akabaki ananiuliza polepole kwa Kiingereza. Ulikunywa maji gani? Ya mto. Na chakula mlipikia nini? Nikamwambia magadi, kwenye maharage, kwenye makande, ndiyo jikoni kwetu. Akatikisa kichwa. Magadi ya kwenu mara nyingi yana floridi tele, akasema, pengine kushinda hayo maji. Mtoto ambaye meno yake makubwa bado yanajijenga ndani ya ufizi asiyale kabisa.

Nikaanza kuhesabu miaka.

Nilikuja na magadi kutoka soko la Tengeru. Madam alionja maharage yangu wiki ya kwanza, hajataka mengine tena. Kila Kondo, dereva wetu, akitoka likizo nyumbani ananiletea kilo. Mara tatu kwa wiki, miaka minne na zaidi. Asila alikuwa hajafika miaka miwili nilipoanza kumlisha! Nampondea kwa kijiko mwenyewe.

Kura zikapigwa. Madam kashinda. Kwenye gari alinipa juisi, akanisifu.

Jumamosi, 15 Machi

Juzi na jana nimekwepa maharage. Leo wameyataka, nikayapika bila magadi. Madam kayatema. "Kokoto hizi! Magadi yako wapi?" Nikafungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Nikaiona Jumanne ya daktari wa meno. Nikajiona nacheka kwenye picha ya pasipoti. Na nikimwambia, kabla sijameza mate niko uwanja wa ndege na begi langu.

Nikarudisha sufuria jikoni, nikatia magadi. Asila kala bakuli mbili. Mimi ni mtu mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Jino la Asila la ukubwani limeota. La mbele, la juu. Madam alimpeleka baraza ya ghorofani alitazame juani — na ule ukelele! Mstari wa kahawia katikati, na mawingu meupe pembeni. Jino langu kabisa.

Hakuwaza mara mbili. Shule! Wamekuwa wakitia kwa siri, yule daktari na maji yake! Amne kaieneza picha kwa kina mama wote. Saa sita mchana daktari kazuiwa getini, hana kazi. Mtu pekee aliyeniambia ukweli kwa upole. Mimi nilikuwa pale nimeshika kitana, nikacheka moyoni. Ndiyo, nacheka, naandika hapa. Umeniita sumu, haya, sumu hiyo imo kinywani mwa mwanao. Raha ikadumu kama pumzi mbili. Kisha mtoto akanitazama.

Jioni madam kanifuata chumbani. Kesho hakuna daktari, khalas. Wanaishtaki shule, na wakili kasema nisiguswe meno mpaka kesi iishe. Mwaka, inshallah, au miwili. Nikae hivi hivi karibu na Asila, watu wafananishe.

Sasa sina cha kulinda. Ningeweza kwenda kusema ni magadi yangu, si shule. Miguu inayo nguvu, ulimi ndio umelala.

Madam anaita mara ya tatu, anataka picha yetu bega kwa bega. Asila kakaa kitandani kwangu na kioo changu, kavuta mdomo wake kwa kidole. Anafurahi. Ananiuliza, dada Loisi, na mengine yote yatatoka kama yako?

Nimemwambia ndiyo.